Dhahabu Iliyokaa Shingoni mwa Bi Zuhura

Nakumbuka Jumapili moja kule Guangzhou nilipokula pilau tamu, nikanawa, nikainuka na kitu cha mtu mfukoni, na njia nzima nikawa najiuliza nimepewa, nimeiba au nimetukanwa. Mpaka leo, mwanangu, na mvi zote hizi, jibu kamili sina. Kwa hiyo usinikatize. Jana umeiona ile sarafu juu ya meza ukauliza ni ya nani, nami nikakwambia ngoja kwanza, ukanitazama kama mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu. Sijapoteza chochote. Swali lako ndilo gumu.

Nilikuwa nimepelekwa kule kwa ufadhili, nisomee elimu ya metali. Ilikuwa ile miaka ambayo kila mwenye duka Kariakoo na Darajani alikuwa na ndugu China. Ukishuka mtaa wa Xiaobei ungesikia Kiswahili kabla hujamwona anayekisema. Kwenye jengo la Tianxiu watu walipigania lifti na marobota yao, huyu Mkenya, huyu Mkongo, huyu wa Temeke, na nje wachukuzi wanavuta mikokoteni wakikupigia kelele upishe. Bwenini kwangu hakukuwa na mtu wa kuniambia hata "pole." Kwa hiyo kila Jumapili nikitoka kanisani nilipanda basi kwenda kuisikia lugha yangu.

Sasa nikwambie ugonjwa wangu, maana bila huo hutaelewa lolote. Nyuma ya barabara ya Huanshi kulikuwa na mzee wa Kichina tuliyemwita Laoban Fan, yaani Bosi Fan, mwenye kijiduka cha sarafu kuukuu. Alikuwa na katalogi ya Kiingereza, nene kama Biblia, na Kiingereza hakukijua. Tukapatana: mimi namsomea kwa Kichina changu cha kuungaunga, yeye ananiachia nizishike sarafu. Siku nilipofika kwenye kurasa za dhahabu za mwanzo za Marekani ndipo nikapotea.

Ukiniuliza kwa nini hizo, sijui. Za Mjerumani aliyetutawala zilikuwepo pia na sikuzitaka. Labda ni ule mkono wa mtu. Nchi yao ilipokuwa changa, kipande cha dhahabu kikizidi uzito, fundi alikipunguza kwa tupa kabla hakijapigwa chapa, na mikwaruzo ile ikabaki. Mjinga akiiona anasema sarafu imechakaa, kumbe imezaliwa nayo. Tena zile za kwanza hazikuandikwa thamani yake. Ulipaswa kuijua mwenyewe. Baadaye dhahabu ikapanda, watu wakaziyeyusha tele, zikabaki chache. Mimi nilikusanya kwa macho tu. Nilikuwa na vipande viwili vidogo vya fedha, vya baadaye kabisa, na daftari la michoro. Ya dhahabu ya mwanzo sikuwa nayo wala sikutegemea kuwa nayo, nikawa naiota kama mtoto anavyoota baiskeli.

Bi Zuhura alikuwa mfanyabiashara wa Unguja, mtu mzima, mjane, ananunua mapazia na nguo za kike kule kwenye maduka ya jumla ya Guangyuan. Alipanga nyumba jirani na Tianxiu, na kila Jumapili alipika. Hakualika mtu, ulikwenda tu. Sisi tuliokwenda sana tulikuwa na kazi zetu. Yangu ilikuwa kuosha sufuria, na malipo yake ukoko. Wengine walikula sinia moja mkekani, mimi nikikwangua sufuria jikoni, naye ananiambia, "Mwanangu, hiyo sufuria si adui yako, usiiue." Nilikuwa nyumbani pale kuliko mahali popote nje ya Rungwe.

Jumapili ninayoisema joto lilikuwa kali. Alipoinama kuepua, ushungi wake ukalegea, na kwenye mkufu ikaning'inia sarafu. Nikaona kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya kitambaa, nyota pande mbili, na mwaka chini. Nikasogea. Ilipogeuka nikamwona tai mwenye ngao kifuani. Mwaka wenyewe ulikuwa wa mwanzoni kabisa mwa karne ya kumi na tisa. Ndiyo ile niliyoichora daftarini.

"Bi Zuhura, hiyo sarafu umeitoa wapi?"

"Hii?" Akaishika kwa vidole viwili. "Ya bibi yake mama. Zama zile Wamerikani wakija kwetu na vitambaa vyao, wakichukua karafuu na sandarusi. Sonara Mhindi ndiye aliyeitia kikonyo hiki ivaliwe. Sisi twaiita pauni tu, wala si pauni."

"Ni nzuri. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii."

Nilisema hivyo mara nyingi, kwa kupumbazika, mbele ya watu waliojaa sebuleni. Hata mashaallah sikusema, ingawa Mkristo yeyote aliyekaa na watu wa pwani anajua kuisema.

"Imekupendeza?" akauliza.

"Mno."

"Basi chukua. Yako hiyo."

Hapa nisikilize vizuri. Kwetu Rungwe mtu akikwambia chukua, ameshaamua. Babu yako akikukatia mkungu wa ndizi ukasema "hapana, asante," umemwambia ndizi zake ni mbaya, na atakaa mwaka akilitaja hilo. Nilifundishwa hivyo kabla sijafundishwa kusoma. Kwa hiyo nikafanya kama mtoto aliyelelewa: nikapiga goti kidogo, nikanyoosha mikono yote miwili.

Bi Zuhura akaitazama ile mikono. Kisha akafungua mkufu, akaitoa sarafu, akaiweka kiganjani mwangu. "Ikufae," akasema, akarudi kwenye wali wake. Mzee Shaweji, wakala wa mizigo, mtu wa Tanga, alikuwa ameketi karibu na mlango akikoroga chai. Aliendelea kuikoroga hata sukari ilipokwisha kuyeyuka. Nilidhani ana wivu.

Kesho yake nikampelekea Laoban Fan. Akaipima, akaiweka chini ya lenzi, akaonyesha ile mikwaruzo kwa kucha akitikisa kichwa, nami nikamweleza kuwa ni tupa ya fundi. Akainama tena. "Zhen de," akasema hatimaye. Ni ya kweli. Alisikitikia kikonyo cha sonara, maana kwa wakusanyaji kiungo kama hicho ni kilema, lakini bado alitaja bei. Sitakutajia, maana utaikumbuka bei na kusahau mengine yote. Nilimwambia haiuzwi, nikaondoka naye akiniita pengyou, rafiki, mpaka njiani.

Nilipaswa kufurahi, sivyo? Nilikuwa nayo. Nilikuwa mtu mwenye sarafu ambayo matajiri wa huko Marekani wanaitafuta. Na kila nilipoitoa kwenye soksi kuitazama, nilihisi kama nimevaa shati la mtu.

Jumapili iliyofuata nikaenda kama kawaida. "Karibu, Bwana Elia," akasema Bi Zuhura. Bwana. Akanionyesha kiti cha pembeni ya feni, chenye mto. Nikaletewa sahani yangu peke yangu, na kijiko, na uma, na nyama za juu, na soda iliyofunguliwa tayari. Nikainuka kufuata sufuria.

"La, wewe keti. Mgeni haoshi vyombo."

Ukoko akapewa mwingine. Nikala kwa kijiko huku wenzangu wakicheka mkekani. Basi, mwanangu, hapo akili yangu ikaanza kuzunguka. Nilikuwa nimetendewa vizuri kuliko siku zote, na sikuwa na hamu ya kula. Nikajiambia labda ni kwa sababu nimemaliza mitihani. Jumapili ya pili, vilevile. Ya tatu nikaamua kushuka mkekani kwa nguvu. Wakanipisha kwa adabu nyingi, huyu akisogea, yule akisema "karibu, karibu sana," mpaka nikaona aibu nikarudi kitini. Hakuna aliyeninunia. Angeninunia mtu ningejua pa kushika.

Nikamfuata Mzee Shaweji kazini kwake, chumba kilichojaa marobota hadi darini. Alikuwa akiandika alama za wenye mali kwa rangi nyekundu.

"Mzee, Bi Zuhura ana nini na mimi?"

Hakugeuka. "Ana heshima na wewe."

"Sitaki heshima."

"Ungesema hivyo siku ile." Akaweka brashi. "Wewe umekula kwa yule mama muda wote huu na hujajifunza kula? Mtu wa pwani, ukimsifia kitu chake mbele ya watu, atakwambia chukua. Ni adabu. Nawe adabu yako ni kusema, ahsante Bi mkubwa, imependeza zaidi hapo ilipo. Atakushikilia. Utakataa tena. Hapo mmeheshimiana, mambo yamekwisha, watu wanaendelea na wali. Wewe ukatandaza mikono kama mpokea zaka."

"Lakini alisema chukua."

"Alisema."

"Sasa angenizuia."

"Alimeze neno lake? Mbele za wageni wake, ndani ya nyumba yake?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Msomi mzima. Ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Wewe umekwenda na macho yote mawili, tena ukayatoa nje."

Nikamwambia basi naenda kurudisha leo hii.

"Rudisha, umwongezee aibu. Kurudisha ni kumwambia hukutoa kwa moyo, watu wote wameona. Hataipokea."

Hapo nilikasirika, sikufichi. Nilimkasirikia Shaweji, nikamkasirikia Bi Zuhura, nikaikasirikia pwani nzima kuanzia Lamu hadi Mtwara. Kuchukua kosa, kurudisha kosa. Kwa nini watu wasiseme wanachotaka? Nikamwambia hayo, nikiwa nimekalia robota la mtu. Akaniacha nimalize.

"Wewe unalala wapi?" akauliza.

"Bwenini, unajua."

"Na nani?"

"Wenzangu. Tuko chumba kimoja."

"Kuna kabati la kufunga?"

"Kuna sanduku. Kufuli lake bovu."

"Basi una taabu. Mtu mwenye kitu cha thamani asiyekuwa na pa kukiweka huenda kwa nani?"

Sikuelewa. Nilidhani ananiambia benki. Akavuta pumzi ndefu, kama mwalimu aliyepewa darasa baya. "Mpelekee amana, mwana. Amana. Zawadi iliyorudi hataipokea, lakini amana ya kijana asiye na pa kuweka kitu, yule mama ataikataaje? Na dhahabu ya mtu ikaapo salama ni wapi? Fikiri mwenyewe, umekuja kusoma."

Nilitoka pale nikiwa sijui kama nimepewa dawa au nimedhihakiwa. Ulikuwa uongo, ule? Ulikuwa kweli, kufuli lilikuwa bovu. Nikatembea hadi kwa Bi Zuhura nikiyapanga maneno, na kila nilivyoyapanga yalinuka hila.

Nilimkuta peke yake anapima pazia, pini mdomoni. Akataka kuniletea kiti. Nikakaa mkekani kabla hajakifikia.

"Bi Zuhura, nina shida. Kule bwenini hakuna usalama. Hii sarafu yangu," na neno hilo 'yangu' lilinikwama, "naogopa itapotea. Naomba uniwekee. Nikipata mahali nitaichukua."

Akatoa pini mdomoni, moja moja. Akanitazama hata nikaangalia chini.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna."

"Muongo." Kisha akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu ile siku. "Amana ni mzigo, wajua? Mie si kijana. Nikiibiwa je? Nikifa je?"

"Kwako haipotei."

"Haya. Ilete." Akaipokea, akaitia kwenye mkufu wake, akauficha chini ya ushungi, akagonga kifua kidogo kwa vidole. "N'naiweka. Siku utakayoitaka ni yako, Mungu shahidi. Sasa nishikie ncha hiyo ya pazia, mwanangu, usikae tu kama mzigo wa Shaweji."

Mwanangu. Nililia, nikasingizia vumbi la vitambaa. Na Jumapili nilipofika hakuniambia karibu wala nini. Alinionyesha sufuria kwa kidevu. Ukoko ulikuwa umeungua, nikaula wote.

Miaka ikapita, sote tukarudi nyumbani, yeye Unguja, mimi huku. Kila tulipozungumza kwa simu, baada ya hali na watoto, alisema, "Amana yako ipo." Nami nikajibu, "Bado sina pa kuiweka, Bi Zuhura." Nilimjibu hivyo nikiwa kwenye chumba cha kupanga, na nikamjibu hivyohivyo baada ya kujenga nyumba hii yenye nondo kila dirisha. Alijua nimejenga, alinitumia mapazia. Je, ulikuwa mzaha wetu, au alikuwa ananikumbusha kweli? Sikumuuliza. Na usidhani nilikuwa mtakatifu. Siku moja niliona picha ya ndugu yake sarafu ile, haina kikonyo, inapigwa mnada huko Marekani, nikashika simu nimwambie naja kuchukua changu. Nilikaa na simu mkononi hadi mama yako akaniita chakula. Tamaa haizeeki, mwenyewe ndiye anayezeeka.

Bi Zuhura amefariki, unajua, tulikwenda kumzika. Usichojua ni kwamba wiki iliyopita binti yake, Mwanaisha, alipita hapa akiwa safarini. Hakukaa. Alinipa kifurushi cha kitambaa akasema mama aliacha wasia: amana ya Elia arudishiwe mwenyewe, kabla urithi haujagawanywa. Nikamwambia hiyo ni yenu, ni ya bibi yake bibi yako. Akasema, "Mjomba, sisi hatuli amana ya mtu. Mama atalala vibaya." Alikuwa akinitazama mimi, haitazami sarafu, na nikajua kwa nini haitazami. Ameikuta shingoni mwa mama yake tangu anazaliwa.

Hiyo ndiyo uliyoiona mezani. Nimekaa nayo siku kadhaa nikiigeuza, tai juu, mwanamke juu, na akili inazunguka kana kwamba kile kiti cha pembeni ya feni bado nimekikalia. Bi Zuhura aliamini kweli ni yangu? Au alikuwa na neno alilolisema mbele ya watu, akaona asilichukue kwenda nalo kaburini bila kulitimiza? Na kama alinipa kwa moyo tangu mwanzo, na Shaweji ndiye aliyekuwa haelewi? Nimezeeka na swali hili. Ningemuuliza, angejibu. Kuuliza si ujinga; ujinga ulikuwa huku kwangu, kunyamaza miaka yote nikidhani muda upo.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayokuachia. Kupenda vitu vizuri si dhambi, kusanya ukitaka, mimi bado nina daftari la michoro. Lakini kabla hujanyoosha mkono, tazama kitu kinatoka shingoni kwa nani. Ukiwa ugenini usitegemee adabu ya kwenu ikutoshe. Keti, tazama wenzako wanafanyaje, na usipojua uliza siku ileile, kwa sauti, hata wakikucheka. Na mtu akianza kukuheshimu ghafla kuliko jana, usivimbe kichwa. Jiulize umepoteza nini.

Mwezi ujao unakwenda Unguja kuanza kazi. Utapanga chumba, na vyumba vya kupanga unavijua. Nenda kwa Mwanaisha. Usimwambie baba amewapa zawadi, wala usimwambie baba amerudisha. Atakufungia mlango kwa adabu na utakula kwa kijiko. Keti chini kwanza. Mwambie sarafu hii baba amekupa wewe, chumba chako hakina usalama, unaomba akuwekee. Akikuuliza nani kakufundisha, sema hakuna. Ataiweka anapojua yeye. Na kila atakapokwambia amana yako ipo, mjibu bado huna pa kuiweka, hata ukijenga ghorofa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe riziki ya halali na watu wa kukukemea ukiwa bado unakemeka. Na popote utakapofika, usikose nyumba moja ambayo ukiingia hakuna atakayekuambia karibu, bali watakuonyesha sufuria.